Wingu Alilolificha Chiriku

Jina lake la shuleni lilikuwa refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akiamka anaongea, akipiga mswaki anaongea huku povu likimdondoka kidevuni, na baba yake alikuwa akisema kwamba hata usingizini binti huyu ana mkutano.

Kila alasiri, akishatoka shule na kuvua sare, Chiriku aliingia chumba cha mbele, chumba cha kazi cha shangazi yake. Shangazi alikuwa dobi. Asubuhi alifua uani, mchana alianika, alasiri alipiga pasi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, dirisha moja lililotazama barabara, mlango wa kutokea barazani, na pembeni jiko la kuwashia makaa ya pasi. Pasi zilikuwa mbili, nzito, za chuma, zenye matundu ubavuni ya kupumulia. Moja ikifanya kazi, nyingine ilikaa ikila makaa mapya. Chini ya meza, ndani ya kapu la nguo, alilala mtoto wa shangazi ambaye bado alikuwa ananyonya. Mashavu yake yalikuwa yamejaa kama maandazi ya sikukuu, wakamwita Bonge.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kukunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, labda awe na mikono minne. Shangazi alishika pembe mbili, Chiriku akashika mbili, wakasimama mbali, wakalikung'uta, kisha wakatembea kukutana katikati. Na hapo ndipo palipokuwa na raha yao. Wakiwa mbali, Shangazi alitega kitendawili. Kabla pembe hazijakutana, Chiriku awe ameshakitegua.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Ng'ombe wangu hali majani, anakula moto. Akipita shambani, milima yote inalala chini.”

“Pasi!”

“Mwizi wewe, umeitupia jicho! Haya, kingine. Kila nikimminya analia, lakini machozi yake nguo zinayapenda.”

Chiriku alitembea polepole, akarudi nyuma hatua moja kwa ujanja, lakini pembe zikakutana.

“Umeshindwa. Nipe mji!”

“Chukua mji wowote, Shangazi, ila uniachie soko la viatu.”

“Nimechukua na soko lake. Jibu ni chupa ya kunyunyizia maji, hiyo hapo mbele ya pua yako.” Wakacheka mpaka Bonge akaamka na kudai haki yake.

Basi waliishi hivyo mpaka barabara ya mbele ilipoanza kuchimbuliwa. Yakaja malori ya kifusi, yakipita toka asubuhi hadi jioni, na kila lori lilikuwa na mkia wa vumbi jekundu. Vumbi lilivuka baraza, likaingia dirishani, likakaa juu ya mashuka meupe bila kukaribishwa. Mashuka yale yalikuwa ya nyumba ya wageni, mteja mkubwa wa Shangazi. Siku moja msimamizi wa nyumba ile, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alirudisha mzigo mzima.

“Dobi, nilikupa meupe, umenirudishia rangi ya tofali. Wageni wangu walale kwenye udongo? Likitokea tena hili, nampelekea mwenye mashine ya kufulia.”

Shangazi aliomba radhi, akafua upya. Lakini tangu siku hiyo moyo haukumtulia. Mume wake alikuwa ameondoka akasahau njia ya kurudi, naye Shangazi alikuwa amerudi kwa kaka yake, baba yake Chiriku, akiwa na mtoto tumboni. Kaka alimpokea vizuri. Hata hivyo Shangazi alikuwa akisema, “Sitaki kumganda kaka yangu kama kupe. Mashuka haya ndiyo yanayoniweka nikasimama.” Akaanza kufunga dirisha wakati wa kupiga pasi. Vumbi likapita chini ya mlango. Akafunga mlango. Vumbi likapita kwenye nyufa.

Aliyepata dawa alikuwa Chiriku. Alikusanya matambara, akaziba nyufa za dirisha, akaziba chini ya mlango, kisha akapanda kigoda na kuziba hata yale matundu ya hewa yaliyo karibu na dari.

“Hapo sasa!” Shangazi akapiga kigelegele kifupi. “Una akili kama nyuki, mwanangu.”

Chiriku alitembea siku nzima kifua mbele. Mashuka yalitoka meupe kama maziwa, na msimamizi akasifu.

Lakini chumba kile kilibadilika. Kilikuwa cha moto na kizito. Shangazi alianza kujifunga kitambaa kichwani na kukikaza. “Kichwa kinanigonga kama kuna fundi ndani,” alisema. Akienda uani kuanua nguo, fundi aliacha kugonga. Akirudi ndani, fundi alishika tena nyundo. Chiriku naye, akikaa pale na madaftari yake, aliona herufi zinaogelea. Siku moja Shangazi aliiweka pasi upesi, akakimbilia uani, akatapika ukutani.

Bonge peke yake ndiye ambaye hakulalamika. Alilala, akalala, akalala. Fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekuwa na watoto wenye sauti za tarumbeta, alimtazama akatikisa kichwa. “Mtoto gani huyu asiye na kelele? Nibadilishieni na wangu wawili, nawaongezea na jozi ya viatu.”

Jioni ile ya kutapika, Shangazi alimshika Chiriku bega.

“Mwanangu, haya ya kichwa yaishie humu humu. Unamjua baba yako. Akisikia naumwa, neno lake ni moja tu: acha kazi. Nikiacha, nitashika nini? Mdomo wako huo leo uutie kufuli.”

“Nimeutia, Shangazi.”

“Na ufunguo?”

“Nimeumeza.”

Shangazi alicheka kidogo huku akijikandakanda kipaji cha uso. Na Chiriku, ambaye hajawahi kuweka siri hata ya zawadi, hiyo aliiweka. Ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini aliiweka.

Siku chache baadaye, Shangazi alikuwa akikunja shuka na Chiriku. Alitega kitendawili, na kabla hajakimaliza, pembe zikamponyoka. Shuka likaanguka kwanza, naye akaanguka juu yake, taratibu, kama mtu aliyeamua kulala. Chiriku alipiga kelele. Baba, ambaye alikuwa fundi bomba na siku ile alikuwa nyumbani, alimbeba dada yake mpaka hospitali, na Chiriku akafuata nyuma na Bonge mgongoni.

Njiani Shangazi alifumbua macho. Hewa ya nje ilikuwa imemrudisha, ingawa hakuna aliyelijua hilo. Daktari, mwanamume mpole mwenye mvi mbili tatu, alimpima joto, akampima damu, akampima shinikizo la damu. Hakuona kitu kikubwa.

“Kabla ya leo alikuwa na dalili yoyote?” aliuliza. “Kichwa? Kizunguzungu? Kutapika?”

“Hakuna, daktari,” Baba akajibu. “Mzima kabisa. Imetokea ghafla bin vuu.”

Chiriku alikuwa amesimama kando ya kitanda. Shangazi alimtazama, na macho yake yaliomba kitu. Chiriku aliangalia vidole vyake vya miguu. Daktari akaandika kwamba mgonjwa amechoka, akampa vidonge vya kuongeza damu, akasema alale pale mpaka asubuhi, kisha akapumzike nyumbani.

Asubuhi Chiriku alikwenda shule. Kipindi cha kwanza baada ya mapumziko kilikuwa Kiingereza. Mwalimu alifuta ubao, akaandika maneno manne: out of the blue.

“Nani atanieleza?”

Msumari, mvulana mrefu mwembamba aliyekaa dawati moja na Chiriku, alisimama. “Mwalimu, ni kutoka kwenye buluu. Kama shati langu jeupe, jana limetoka kwenye ndoo ya buluu.”

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu.

“Neno kwa neno umepata, maana imekupita kando. Wenye lugha yao wanatazama juu. Anga ni la buluu, safi, halina hata kijiwingu cha kukuonya. Mara, puu! Kitu kimekuangukia. Sisi tunalisemaje jambo la namna hiyo?”

“Ghafla bin vuu!”

“Bila hodi!”

“Naam. Jambo lisilopiga hodi. Sasa kuujua msemo si kuutumia. Rafiki yako alihama zamani, hamna habari zake, leo unafungua mlango, huyo hapo anacheka. Tumia. Lakini ngurumo imelia asubuhi nzima, mchana mvua ikanyesha, usije ukaniambia mvua hiyo imetoka kwenye anga la buluu. Haya, nipeni sentensi.”

“Mwalimu,” sauti ikatoka nyuma, “mtihani wa juzi ulikuja out of the blue.”

“Mtihani nilioutangaza wiki nzima?”

“Kwangu ulikuja hivyo hivyo, Mwalimu. Kila ulipotangaza nilikuwa nasinzia.”

Wakacheka tena. Chiriku hakucheka. Aliinua mkono, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kuinuka.

“Jana shangazi yangu alianguka out of the blue.”

“Pole sana, mwanangu,” Mwalimu akasema. “Anaendeleaje?”

“Ameruhusiwa leo asubuhi.”

“Tunashukuru. Na sentensi yako imenyooka.”

Msumari alijikuna shingo. “Lakini Mwalimu, mbona siku nyingi zilizopita Chiriku aliniambia kile chumba cha shangazi yake kinamuumiza kichwa? Alisema akikaa mle herufi zinaogelea.”

“Wewe nani alikuuliza?” Chiriku akamrukia. “Kiherehere!”

“Si ulisema mwenyewe!”

Mwalimu aliinua kiganja, wote wakatulia. Hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa meza yake, chaki bado mkononi.

“Sikilizeni, nyote. Msemo huu haupimwi kwa ukubwa wa jambo. Unapimwa kwa macho ya anayeusema. Jambo moja linaweza kumwangukia mtu huyu kutoka anga tupu, na mwenzake akawa ameliona likija tangu mbali. Yule ambaye hakuona wingu, msemo ni wake, autumie. Aliyeliona wingu hana ruhusa, hata kama kila mtu karibu naye ameshtuka.” Alimtazama Chiriku kwa upole. “Baba yako, kwa mfano, labda anaweza kuusema kwa haki. Wewe je? Hilo unalijua wewe. Kaa, mwanangu.”

Chiriku alikaa. Mwalimu aliendelea, watoto walitoa sentensi zao, lakini yeye hakusikia. Mawingu yalipita mbele yake moja moja. Kitambaa kilichokazwa kichwani. Shangazi akijishika ukuta wa uani. Daktari akiuliza kichwa, kizunguzungu, kutapika, vyote vitatu kwa majina yao, kana kwamba alikuwa akisoma ndani ya kifua cha Chiriku. Baba alisema ghafla kwa sababu hakujua. Yeye alikuwa anajua, akaangalia vidole vya miguu. Na Bonge je? Bonge alikuwa analala tu. Hivi mtoto wa umri ule hulala kiasi kile?

Halafu likamjia wazo jingine. Shangazi ameruhusiwa. Shangazi yuko nyumbani. Mashuka ya nyumba ya wageni yanangoja, na Shangazi si mtu wa kuyaacha yangoje.

Kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakumngoja mtu. Alikimbia, mkoba ukimpiga mgongoni, mpaka barazani. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Kwa chini aliliona tambara, limesukumwa vizuri, kama alivyolisukuma yeye mwenyewe siku ile aliyosifiwa. Uani kwa nyuma msumeno wa Baba ulikuwa ukikata bomba.

Aliusukuma mlango. Joto lilimpokea usoni. Shangazi alikuwa mezani, kitambaa kichwani, macho mekundu, pasi mkononi.

“Ingia upesi, funga! Vumbi!”

“Shangazi, si umetoka hospitali leo?”

“Hospitali inapiga pasi? Yule mama anakuja kuchukua mzigo wake jioni. Funga mlango, nimekwambia.”

“Bonge yuko wapi?”

“Yuko pale pale. Tangu nilipomnyonyesha amelala. Mtoto wa watu, hana matata.”

Chiriku alipiga magoti chini ya meza. Aligusa shavu la Bonge. Alimtekenya unyayo, ambao siku zote ulimfanya arushe teke. Hakurusha. Akamwinua, na kichwa chake kikaanguka pembeni kama ua lililokosa maji.

Aliahidi. Alimeza ufunguo. Na mezani mashuka yalikuwa yamepangwa, meupe, tayari, na nje lori lilikuwa linakuja likinguruma. Akifungua sasa, kazi yote imeharibika, na Shangazi amempoteza mteja. Asipofungua?

Chiriku aliyavuta matambara, akalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta, akaufungua na mlango. Lori likapita. Vumbi jekundu likaingia kwa wingi, likatua juu ya mashuka yote.

“Chiriku! Umeniua!” Shangazi alipiga kelele. “Umeniua, mtoto wewe!”

“Baba! Baba njoo! Bonge haamki!”

Baba alitokea na msumeno mkononi. Na hapo maneno yakamtoka Chiriku kama maharage yaliyopasua gunia: kichwa kinachogonga, kutapika, matambara, matundu aliyoyaziba mwenyewe, kufuli, daktari alivyouliza naye akanyamaza. Baba hakungoja mwisho wake. Alimchukua Bonge, akatoka naye nje kwenye hewa, akamtoa na dada yake, aliyekuwa ameanza kuyumba. Bonge alivuta pumzi ndogo, lakini hakulia.

Fundi viatu aliiacha nyundo na kiatu cha mtu, akarukia katikati ya barabara, akapanua mikono. Lori la kifusi lililokuwa likifuata likasimama kwa kishindo.

“Una wazimu wewe mzee?” dereva akafoka.

“Matusi baadaye! Kuna mtoto anakufa hapa!”

Dereva aliwatazama mara moja tu. “Pandeni.”

Hospitali, daktari alikuwa yule yule. Baba alifungua mdomo. “Daktari, ni gha—” Akasita. Akamgeukia binti yake, akamweka mbele. “Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeona.”

Chiriku alisema. Safari hii hakuongeza chumvi wala hakuruka kitu. Aliposema makaa, na dirisha lililozibwa, na kichwa kinachopona uani, daktari alikuwa tayari ameshamvisha Bonge kifuniko kidogo cha hewa puani, na nesi akimvisha Shangazi kikubwa.

“Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa,” daktari alisema huku macho yake yakiwa kwa mtoto, “hutoa hewa yenye sumu. Haina rangi. Haina harufu. Haimkohozi mtu kama moshi, kwa hiyo hana habari nayo. Inaingia na pumzi, inashika nafasi ya hewa safi kwenye damu. Mtu mzima kichwa kitamuuma, atatapika, ataanguka. Mtoto mchanga hana maneno. Yeye hulala tu.” Akamgeukia Baba. “Jana niliuliza.”

Baba aliinamisha kichwa. Walikaa kwenye benchi, wakitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka, na kila kiliposhuka Chiriku alijiambia moyoni kwamba kitapanda tena. Jua lilikuwa limeanza kulegea dirishani wakati Bonge alipokunja uso, akafumba ngumi, na kulia. Alilia kwa hasira, kwa sauti pana, kama watoto wawili wa fundi viatu wakiunganishwa. Nesi alicheka. Baba aligeukia ukuta akajipangusa macho kwa mkono wenye grisi za bomba.

“Mtoto alikuwa karibu,” daktari alisema. “Mngengoja mashuka yaishe, tungekuwa tunazungumza mengine.”

Shangazi alikuwa amelala kitanda cha pili. Alikishusha kile kifuniko cha hewa.

“Nisamehe,” akasema.

Chiriku aligeuka nyuma kuangalia nani anaambiwa. Hapakuwa na mtu.

“Ni wewe, mwanangu. Nilikubebesha mzigo usio wa rika lako. Uliniambia nimetoka hospitali nikakujibu kwa jeuri. Nisamehe.”

“Lakini Shangazi, mashuka nimeyachafua yote. Na matundu niliyaziba mimi.”

“Uliyaziba kwa kunipenda. Mimi mkubwa ndiye niliyesikia kichwa kinagonga nikakwambia unyamaze.”

Baba alikohoa. “Na mimi nimo. Kila mtu akisema anaumwa, mimi nasema acha kazi. Ndiyo maana mkaacha kuniambia.” Kwa Baba, hayo yalikuwa hotuba.

Msimamizi wa nyumba ya wageni alikuja jioni ile, akaukuta mlango wazi na mzigo wake mwekundu. Siku Shangazi aliporudi nyumbani, mama huyo aliambiwa ukweli wote na Shangazi mwenyewe. Alisikitika, lakini wageni hawalalii masikitiko. Nusu ya mashuka akayahamishia kwa mwenye mashine, nusu akamwachia Shangazi. Hiyo nusu ilimtosha kusimama. Baba naye alichimbia nguzo nne uani, akaezeka mabati juu, hakuweka ukuta hata mmoja. Meza ikahamia huko, pamoja na pasi zake na jiko. Kapu la Bonge likakaa mbali na makaa, upande upepo unakotokea. Tangu hapo Bonge akawa na kelele, na fundi viatu akatangaza kwamba ile biashara ya kubadilishana watoto ameifuta.

Alasiri moja, Chiriku na Shangazi walikuwa uani wakikunja.

“Mwalimu amenipa nafasi ya kuirudia ile sentensi,” Chiriku alisema.

“Ukaisemaje?”

“Nikasema: Shangazi aliniomba msamaha, out of the blue.”

Shangazi, aliyekwisha kuelezwa maana ya msemo ule zaidi ya alivyotaka, alicheka. Kisha kicheko kikamwishia midomoni. “Yaani hukunitegemea kabisa?”

“Hata wingu sikuliona, Shangazi.”

“Mwalimu akasema nini?”

“Akanipa vema. Akasema hapo ndipo mahali pake.”

Wakati huo upepo ulivuka ukuta wa ua, ukawarushia konzi ya vumbi. Likatua katikati ya shuka walilokuwa wamelishika, doa jekundu kubwa kama sahani. Chiriku aliganda. Alimtazama Shangazi usoni, akaangalia doa, akamtazama tena.

Shangazi alilivuta shuka taratibu kutoka mikononi mwake, akalitumbukiza kwenye beseni.

“Sikiliza, Chiriku. Mambo yanayotuangukia kutoka anga tupu ni machache. Mengi hututumia salamu kwanza, ndiyo maana waliotutangulia wakasema dalili ya mvua ni mawingu. Siri ya kumfurahisha mtu, itunze. Siri inayomuumiza mtu, hiyo usiitunze, hata kama mkubwa wako amekushika bega akakubembeleza. Hata kama mkubwa huyo ni mimi. Ukiona wingu juu ya nyumba hii, sema, na usiposikilizwa useme tena kwa mwingine.”

“Na mashuka yakichafuka?”

Shangazi aliinamia beseni, akalisugua lile doa kwa vidole viwili mpaka maji yakawa mekundu na nguo ikaanza kurudi nyeupe.

“Vumbi linafulika, mwanangu,” akasema. “Mtu akishapotea, hakuna sabuni ya kumrudisha.”